Mpira wa Pasaka

Mtu akikuuliza kazi ya mbwa wa kutafuta maiti inataka nini, usimwambie inataka moyo mgumu. Moyo mgumu hata mchinjaji anao. Inataka sauti nyembamba. Nawaambia mapema, nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Kitui kuniuliza habari za mbwa, maana wengi wenu mmefuga ndevu na mnaongea kutoka tumboni, na mbwa hana haja na sauti ya tumboni. Mbwa akifanya vizuri anataka kumsikia mtu mzima akipiga kelele za furaha kama shangazi aliyemwona bwana harusi akishuka garini. Kama huwezi, nenda ukalinde geti la benki.

Mimi mwenyewe sikuweza. Nililelewa na mzee wa kanisa, baba aliyecheka harusini tu, tena akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Nilipoingia kikosi cha mbwa cha polisi miaka ya sabini nilijua mambo matatu: kupiga saluti, kupiga pasi na kunyamaza. Mbwa wa kwetu alilala nje, akabweka, akatupiwa mfupa. Hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Aliyenifundisha ni Sajini Kilonzo, mtu mrefu wa upande wa Mbumbuni, mwenye masharubu ambayo hata wakubwa wake waliyaogopa. Siku ya kwanza alifukia gunia nyuma ya vibanda vya mbwa, na ndani ya gunia kulikuwa na shuka lililolaliwa na maiti. Akamwachilia mbwa wake. Mbwa akazunguka, akanusa, akaketi penyewe hasa. Hapo Sajini, na masharubu yake yote, akaruka juu, akapiga makofi, akaimba kwa sauti ya msichana wa darasa la pili: nani mzuri, nani mzuri wa Kilonzo. Akatoa mfukoni mpira alioushona kwa soksi kuukuu za polisi, akaurusha, kisha wakagaagaa pamoja mavumbini, mtu na mbwa, na siku hiyo sare yake ilikuwa imetoka kupigwa pasi. Sisi wageni tukatazamana. Nilidhani jua limempata mzee.

Alipoinuka akajipangusa magoti na kutuambia neno ambalo ndilo shule yote niliyosoma.

"Mbwa hajui kifo," alisema. "Anajua mpira. Wewe unatafuta maiti, yeye anatafuta mpira, na amefundishwa kwamba mpira huja palipo na harufu hii. Siku utakapomnyima furaha yake, harufu hiyo itakuwa kwake harufu tu, kama ya majani."

Tukaanza kujizoeza. Hebu fikirini, askari wazima wamepanga foleni mbele ya gunia, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kupiga kelele za kitoto. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Vizuri, mbwa," kama mtu anayesoma wosia. Mbwa akaangalia pembeni. Sajini akaniambia kwamba hata yeye, kama angekuwa mbwa, angeangalia pembeni. Akanituma nyuma ya choo cha kikosi nikajizoeze peke yangu. Nyumbani nilijizoeza bafuni, mpaka mke wangu akamwita dada yake aje asikilize mlangoni, wasaidiane kuamua kama waniombee au wanipeleke hospitali. Lakini sauti ilikuja. Ilichukua muda, ikaja.

Mbwa wangu mwenyewe nilimpata baadaye, miaka ya themanini imeingia. Alikuwa jike la rangi ya kahawa, sikio moja limesimama na lingine limelala. Alizaliwa wiki ya Pasaka, na aliyekuwa zamu vibandani hakutaka kujisumbua, akamwita Pasaka. Jina hilo limenigombanisha na wachungaji wengi kuliko dhambi zangu zote. Niliwaambia mbwa hakujiita.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi yenyewe. Usimtoe mbwa jua likiwa utosini. Mchanga ukiwa moto, harufu hupanda moja kwa moja juu, na mbwa anapita chini yake bila habari. Ngoja jua lilegee. Mwanzishe upande ambao upepo utampiga usoni. Kwenye mito yetu hii ya mchanga, mafuriko yakishapita, mchanga hushikana na kuifungia harufu chini kama sufuria iliyofunikwa. Basi chukua nondo ndefu, toboa, ichomoe, ngoja ardhi ipumue kidogo, ndipo umlete. Na mkebe wa mazoezi afiche mtu mwingine. Ukijua ulipo, mabega yako yatamwambia, na mbwa atajifunza kusoma mabega badala ya kunusa.

Mkebe, ndiyo. Vitambaa vyetu vya mazoezi tulivipata chumba cha maiti, tukaviweka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mifuniko ya kukaza. Huo ulikuwa ujinga, nami nimewaambia bure. Mama mwenye nyumba niliyopanga Kitui mjini alikuwa na tabia ya kuazima vitu jikoni kwangu bila kuuliza. Siku moja alikuwa ameshakata vitunguu, sufuria iko motoni, akaja kuchota kijiko kimoja tu cha mafuta. Hakupiga kelele. Aliufunika mkebe, akakaa kwenye ngazi mpaka niliporudi, akaniuliza kwa heshima kabisa kama ningependa kuhama kabla ya chakula au baada ya chakula.

Tena mbwa hachagui mahali. Tulikuwa tukipita soko la Kitui, Pasaka akaketi mbele ya bwana mmoja aliyekuwa akichagua nyanya. Mji mzima ulishajua mbwa yule akiketi maana yake nini. Soko likajitenga na yule bwana pande zote, akabaki peke yake na nyanya mkononi. Kumbe alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti, ametoka kazini bila kubadilisha viatu. Kwa hiyo mbwa hakukosea, na asipokosea ni lazima nimsifu. Nikaruka, nikaimba, nikarusha mpira katikati ya vikapu, na akina mama wakakimbia hadi barabarani. Nilimweleza yule bwana habari ya viatu, akaelewa vizuri, akacheka sana. Halafu akaenda nyumbani, akajilaza, akamwita pasta. Alilala kitandani siku kadhaa akingoja, mtu ambaye maiti ndiyo kazi yake ya kila siku.

Haya. Hayo yote yalikuwa mchezo. Taabu ilianzia Mbumbuni.

Kulikuwa na mzee aliyefunikwa na ukingo wa shimo la mchanga, na ukoo wake ulikuwa umechimba huku na huku bila kumpata. Pasaka alifika, akauelekea upepo, akaenda moja kwa moja akaketi. Nami nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilisahau kabisa kwamba nyuma yangu wamesimama wajane wawili, watoto wa marehemu na nusu ya lokesheni. Niliruka. Niliimba nani mzuri, nani mzuri wa Munyao, yaani wangu mimi. Nilipogeuka kuurusha mpira niliona fimbo zinapanda. Mimi na mbwa tulimaliza mchana ule juu ya paa la Land Rover, dereva akiwa amejifungia ndani na kukataa hata kuteremsha kioo.

Walipotulia, wazee wakasema sawa, tushuke, lakini tutakaswe kwanza, maana mtu anayecheka kwenye maiti ana jambo limemwingia. Wakachinja mbuzi, wakachanganya ng'ondu, dawa ya zamani ya kutakasa, majani pamoja na uchafu wa tumbo la mbuzi, wakaninyunyizia mimi na mbwa. Nilivumilia kama mtu mzima. Pasaka alijilamba akawa safi, kisha akamalizia iliyobaki kwenye kibuyu. Wazee wakajadiliana kama mbwa aliyekula ng'ondu ametakasika zaidi au amelaaniwa. Niliondoka hawajaamua.

Malalamiko yakafika kwa mkubwa wangu. Akaniita, akaniambia kuanzia siku hiyo, mbwa akipata mtu, mimi nivue kofia, niinamishe kichwa, ninyamaze. Nilijaribu kumweleza maneno ya Sajini Kilonzo, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, akasema Sajini si yeye anayepokea malalamiko. Nikapiga saluti. Nilishawaambia saluti naijua.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo ilikuwa msituni, upande wa mashariki wa Kitui. Pasaka akaketi. Nikavua kofia. Akanitazama, akautazama mfuko wangu wa kulia, mahali pa mpira, akanitazama tena. Akapiga mkia chini kunikumbusha. Mimi nimesimama kimya, nimeinama, familia inalia. Yule mbwa akadhani hajafanya sawasawa. Akainuka, akaketi tena vizuri zaidi, mgongo umenyooka. Iliniuma sana, sitaki kudanganya.

Baada ya hapo akaanza kubahatisha. Aliketi mbele ya punda aliyekufa. Aliketi mbele ya kuku. Aliketi mbele ya ndoo ya mkubwa wangu akinitazama, kama anayeuliza pengine hapa ndipo mpira ulipohamia. Halafu akaacha kuketi kabisa. Alitembea tu, kichwa chini, akipita juu ya mikebe ya mazoezi kama anayepita juu ya mawe. Wakubwa wakasema pua yake imekufa. Haikufa. Mtoto ukimtuma maji kila siku, na kila siku akirudi usiseme neno, pua yake ni nzima na miguu yake ni mizima, lakini siku moja atakaa chini na mtungi.

Ndivyo tulivyokuwa tulipoitwa Tawa.

Chini ya Tawa kuna mto wa mchanga, mkavu karibu mwaka mzima. Kijana mmoja, Mbithi, alikuwa akivuka na baiskeli huku mbingu ni nyeupe, maana mvua ilinyesha mbali, juu milimani. Maji yalimfikia katikati. Baiskeli ilionekana imenasa kwenye mizizi, yeye hakuonekana. Watu walichimba mpaka wakachoka. Mama yake ni Mwaitu Kalondu. Kwetu mwaitu ni mama, na yule kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa mjane, na huyo ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee.

Tulipofika bomani kaburi lilikuwa limeshachimbwa, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, umeiva kwenye masufuria makubwa, kwaya imevaa sare, na kwenye kiti cha heshima ameketi mgomba. Naam, mgomba. Mzee mmoja wa ukoo, Mzee Kimeu, aliyekuwa ameishi miaka mingi upande wa Meru, aliwaambia kwamba mtu akikosekana unazika shina la mgomba mahali pake, mambo yakaisha, watu wakarudi shambani. Ukambani kwetu na ukame huu mgomba si kitu cha kuokota, kwa hiyo walikata wa jirani, na jirani alikuwa palepale matangani akinung'unika. Na ili lisionekane shina tu, walilivalisha koti la Mbithi la kwenda kanisani. Mtu alikuwa amefunga vifungo vyote.

Watu walipita mmoja mmoja wakitoa heshima. Nami nilivua kofia. Ningefanya nini?

Mwaitu Kalondu peke yake ndiye ambaye hakuulilia mgomba. Aliketi upande wa pili amekipa kiti kile mgongo. Chifu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama amekuwa mgumu, pasta ameongea naye, wazee wameongea naye, na sasa mazishi yatakuwa kesho asubuhi, na kama mbwa ana la kufanya afanye leo. Akaniambia pia kwamba habari za Mbumbuni anazijua, na hapa ni matanga.

Yule mama akaniita. "Mwanangu," aliniambia, "nikizika hiyo kitu, maisha yangu yote mlango ukigongwa nitafikiri ni yeye. Nitapika chakula chake. Nitafutieni mtoto, hata akiwa vipi."

Jua lilipolegea kidogo nilimpeleka Pasaka mtoni. Alitembea mbele yangu kama mzee anayeenda kwa daktari wa meno. Tulipofika kwenye kona moja yenye mkuyu ulioanguka, alipunguza mwendo. Sikio lililolala likainuka. Alinigeukia, akautazama mfuko wangu, akangoja. Mimi nimeinamisha kichwa, chifu yuko nyuma yangu. Akaendelea na safari.

Nilijua Mbithi yuko kwenye kona ile. Lakini kona yenyewe ni ndefu kuliko uwanja wa mpira, na mchanga wake unammeza mtu aliyesimama. Ukichimba huku, huku kunajaa. Bila mbwa kuketi tungechimba mpaka mvua nyingine itukute.

Tulirudi bomani. Pasaka akajilaza chini ya Land Rover, pua kati ya miguu. Mwaitu Kalondu alimtazama, akaniuliza mbwa huyu ana nini, maana anakaa kama mtoto aliyenyimwa. Sikutaka kumwambia. Utamwambiaje mama mfiwa kwamba mbwa wako amevunjika moyo kwa sababu hukurukaruka juu ya maiti za watu? Lakini alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kuzungusha maneno. Nikamwambia yote: gunia, mpira, sauti nyembamba, paa la Land Rover, kofia. Nilipomaliza nikangoja anifukuze.

Aliniuliza jambo moja tu, mpira uko wapi. Ulikuwa chini ya kiti cha gari. Sikuwahi kuutoa.

Akasimama, akajifunga leso kiunoni, akawaambia watu wote waliokuja matangani wamfuate mtoni. Chifu akaanza kusema jambo. Mama akamwambia, "Chifu, ulikuja kunisaidia kulia. Leo nisaidie hivi."

Vijana, nimeona mambo, lakini sijaona tena jambo kama lile. Matanga mazima yalishuka mtoni. Dereva alifukia mkebe wa mazoezi mbali juu, akarudi. Nikamleta Pasaka. Akanusa, akafika, akasitasita, akakunja miguu ya nyuma nusu, hajaketi wala hajasimama. Nikasema, sasa.

Ilikuwa aibu. Pasta alisema "Bwana asifiwe" kwa sauti ya kaburini. Chifu alipiga makofi matatu ya baraza. Kwaya iliingia kwa sauti nne, na mwalimu wao akiwaongoza kwa mkono. Pasaka alikimbia akajificha nyuma ya miguu yangu, na sikumlaumu.

Mwaitu Kalondu akawasimamisha wote. Akawakemea kama watoto walioachia mbuzi shambani. Aliwauliza kama hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona mtoto akitembea kwa mara ya kwanza, na siku hiyo walimwimbia kwa sauti nne? Akamwambia mwalimu wa kwaya ashushe mkono. Akamwambia pasta amwache Bwana apumzike kidogo, sifa hizi ni za mbwa.

Tukarudia. Nikawaonyesha jinsi ya kupandisha sauti, mimi niliyefukuzwa darasani nikajizoeze nyuma ya choo. Mara ya pili ilikuwa afadhali. Mara ya tatu Mzee Kimeu, yule wa mgomba, akafungua kinywa ikatoka sauti nyembamba safi ambayo hata Sajini Kilonzo angeionea wivu, na hapo watu wakaachilia. Pasta akatupa koti. Chifu aliruka mpaka kofia yake ya serikali ikaanguka, akairuka pia. Wanawake wakapiga vigelegele. Jirani mwenye mgomba alisahau mgomba. Kila mtu akaita Pasaka, Pasaka mzuri, na mpira ukaruka kutoka mkono hadi mkono, na yule mbwa akaanza kuchezacheza, sikio moja juu, lingine juu pia. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alisimama ukingoni akauliza nani anaoa.

Usidhani watu walikuwa wamesahau. Niliona wanawake wakipiga vigelegele huku machozi yanashuka. Lakini walikuwa na kazi, na kazi ilikuwa hiyo.

Upepo wa jioni ukaanza kupanda mto. Nikautia mpira mfukoni, nikachukua nondo, tukatoboa kona yote ya mkuyu, tundu baada ya tundu, tukangoja ardhi ipumue. Halafu nikamwachilia Pasaka, upepo usoni mwake. Safari hii hakutembea kama mzee. Aligeuka, akarudi, akakata upepo, akazunguka mzizi mmoja, akaweka pua kwenye tundu. Akaketi. Mgongo umenyooka, macho kwangu.

Na hakuna aliyefungua kinywa.

Watu wote wale waliokuwa wakipiga kelele sasa hivi walisimama kama nguzo za ua. Pasta ametazama chini. Chifu ameshika kofia. Mzee Kimeu alijaribu, midomo ikatikisika tu. Nami, mwenye kazi, niliyefundishwa na Sajini, nilifungua mdomo ikatoka hewa. Pasaka akanitazama. Akautazama mfuko wangu. Niliona mgongo wake unaanza kulegea, na nilijua akiinuka pale hataketi tena maishani mwake.

Mwaitu Kalondu alipita katikati yetu, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoa mpira. Akapiga kigelegele. Kilikatika katikati, akakianza tena.

"Pasaka," akaimba, "Pasaka mzuri, umeniletea mwanangu. Nani mzuri? Nani mzuri wa Kalondu?"

Akaurusha mpira juu ya mchanga, mbali, kwa mkono wa mwanamke aliyelima maisha yake yote. Pasaka akaruka, akaurudisha, mama akaurusha tena. Aliruka naye yule mama, leso imefunguka, anacheka kwa sauti nyembamba na uso wake wote umelowa. Sisi wanaume tukachukua majembe.

Alikuwa pale, karibu na mzizi. Kesho yake koti lilivuliwa mgomba likarudishwa kwa mwenyewe, akazikwa nalo, na jirani akalibeba shina lake akaenda zake. Mkubwa wangu aliposikia hakusema kitu juu ya kofia tena, maana chifu wa Tawa alimpigia simu akamweleza, na nafikiri alimwonyesha pia jinsi ya kupandisha sauti. Pasaka alifanya kazi miaka mingine mingi. Lakini hayo ni ya baadaye, na jambo ninalotaka mlishike nyinyi ni la jioni ile ile, mtoni.

Tulipomtoa kijana na kumfunika, Mwaitu Kalondu aliacha kuruka. Aliketi mchangani kando ya mwanawe, akaweka mkono juu ya shuka, na hapo ndipo alipolia, kilio alichokuwa amekizuia tangu waulete mgomba. Hakuna aliyemgusa. Pasaka alisimama na mpira mdomoni akimtazama. Akasogea, akauweka mapajani mwake, akarudi nyuma hatua moja, akaketi, akangoja.

Yule mama alipangusa macho kwa ncha ya leso, akaurusha.